Kabla ya kufunga mwamba: namna ya kupima uzazi na vifo vya mikoko, pweza na kasa wa Tanga

Kikao cha kijiji kikijadili kupumzisha mwamba, yaani kuufunga usivuliwe kwa muda, hoja ya kwanza huwa ile ile: kiumbe huyu anataga mayai mengi, hawezi kuisha. Hoja hiyo ni ya kuiogopa. Pweza jike hutaga mayai laki kadhaa. Jongoo bahari jike hutoa mayai kwa mamilioni. Mwamba wa pweza ukipumzishwa miezi mitatu hujaa tena, ilhali fungu lililokombwa jongoo laweza kukaa miaka na miaka likiwa tupu. Wingi wa mayai peke yake hausemi kitu mpaka ujue nani anakufa, anakufa akiwa na umri gani, na aliyesalia anaanza kuzaa lini.

Majibu hayo yanapatikana kwa vifaa vya bei ndogo, kuanzia mikoko ya Moa na Sahare hadi miamba ya Kigombe na fukwe za Pangani. Maelezo haya yanawafaa wanakamati wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia ufukwe na uvuvi), bwana samaki wa kata, na walimu wa baiolojia wenye wanafunzi wa kidato cha tano na sita.

Anza na daftari

Kwa kila kiumbe mnayemtaka, andikeni mambo matano: umri au uzito anapoanza kuzaa, kama huzaa mara moja akafa au huzaa mara nyingi, mayai au watoto wangapi kwa kila mzao, kama analea au anatelekeza, na miaka anayoishi. Sehemu ya majibu iko vitabuni. Sehemu nyingine iko kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea, Tanga, au kwa wachokoa pweza na wavuvi wa jarife, nyavu kubwa za kutega. Waulizeni yale waliyoyaona kwa macho: mara ya mwisho kumpasua mwenye mayai ilikuwa kaskazi au kusi? Alikuwa mkubwa kiasi gani? Ukimuuliza mzee "pweza anazaa lini?" atakupa jibu la kukuridhisha mgeni. Ukimuuliza alichokiona mezani kwake, atakupa taarifa.

Kisha fanyeni hesabu moja fupi. Ili idadi isipungue, kila jike lazima aache kwa wastani watoto wawili wanaofika umri wa kuzaa: mmoja wa kushika nafasi yake na mwingine wa kushika nafasi ya dume. Tuseme pweza ametaga mayai 300,000 katika uhai wake. Wawili kati ya 300,000 ni sawa na mmoja kati ya 150,000. Tuseme kasa ametaga mayai 100 kwa kila kiota, viota vinne kwa msimu, misimu kumi maishani. Hayo ni mayai 4,000, yaani anatakiwa asalie mmoja kati ya 2,000. Silikanti, samaki wa kina kirefu, tumpe watoto 20 kwa mimba na mimba nne. Jumla ni 80, na anatakiwa asalie mmoja kati ya 40. Namba hizi tumezichagua kwa ajili ya hesabu, lakini mpangilio wake ndio wenyewe: anayezaa wachache hana nafasi ya kupoteza, na kila mkubwa anayenaswa ni pengo ambalo vizazi vyake haviwezi kuliziba upesi.

Makundi matatu, si mawili

Mwaka 1967 Robert MacArthur na Edward Wilson waligawa mikakati ya viumbe kwa herufi mbili kutoka kwenye mlinganyo wa ongezeko la idadi: r, kasi ya kuongezeka, na K, kiwango ambacho mazingira yanaweza kubeba. Mwaka 1970 Eric Pianka aliorodhesha sifa za kila upande. Viumbe wa r huzaa mapema, wengi, wadogo, bila malezi, na hufa mapema. Wa K huchelewa, huzaa wachache wakubwa, hulea, na huishi sana.

Shida huanza ukimweka chewa kwenye mgawanyo huo. Anaishi miaka mingi kama wa K, anataga mayai mengi bila malezi kama wa r. Kasa naye hivyo hivyo. Kwa samaki, mgawanyo wa Kirk Winemiller na Kenneth Rose wa mwaka 1992 unafaa zaidi kwa sababu una pembe tatu. Kuna wa fursa, kama dagaa: wadogo, wanakomaa upesi, wanataga mara kwa mara. Kuna wa kungoja msimu, kama chewa: wakubwa, wanachelewa kukomaa, wanataga mayai mengi mno, kisha wanavumilia miaka mibaya mpaka uje mwaka mmoja mzuri ambao watoto wengi watasalia. Na kuna wa uwiano, kama papa wengi na silikanti: watoto wachache waliotunzwa vizuri tumboni. Mtihani wa taifa ukiuliza r na K, jibu r na K. Ukikaa kwenye kamati ya ufukwe, tumia pembe tatu.

Ruhusa na vifaa

Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na sehemu kubwa ya bahari kusini mwa mji wa Tanga iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Pita kwanza serikali ya kijiji, BMU, ofisi ya misitu na ofisi ya hifadhi. Kasa na mayai yake vinalindwa na sheria. Usimshike, usimfunge alama, usifukue kiota kwa jina la somo.

Vifaa ni hivi: kamba ya nailoni ya mita 50 iliyofungwa fundo kila mita, futi kamba, vigingi vya bomba la plastiki, uzi wa mshipi, mizani ya kuning'iniza, daftari na penseli. Penseli, si kalamu. Wino ukipata maji ya chumvi unatawanyika. Vibati vya namba kata kwenye makopo ya soda, kisha chora namba kwa ncha ya msumari. Kalamu ya rangi hufutwa na jua na utarudi kukuta vibati vitupu.

Panga siku kwa bamvu. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya mwambao wetu hupwa sana kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, na hapo una muda wa kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Siku za maji mafu hutaifikia sehemu ya nje ya mikoko kwa miguu.

Rika la miche ya mkoko

Tunaanza na mkoko, Rhizophora mucronata, kwa sababu haukimbii. Ni mti wenye mkakati wa pekee. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti mama, ikarefuka na kuwa kama fimbo ya kijani, mara nyingi ya sentimita 40 hadi 60, na kutoka chipukizi la ua mpaka fimbo hiyo idondoke hupita zaidi ya mwaka. Mchu, Avicennia marina, humwaga mbegu ndogo nyingi na kuziachia maji yazipeleke popote. Ukivipima vyote viwili kwenye koko moja utaona tofauti kwa macho yako.

Kazi ina sehemu mbili, na watu wengi huruka ya kwanza.

Sehemu ya kwanza ni fimbo zilizoanguka ambazo hazijashika mizizi. Okota 50 zilizokomaa, zisizo na matundu. Funga kila moja kwa uzi wa mshipi wa mita moja, na upande wa pili wa uzi ufunge kwenye kigingi kilichozama vizuri matopeni. Zilaze juu ya tope kama zilivyoanguka. Usizichomeke. Ukizichomeka umepanda miche, na utakachopima ni kazi ya mkono wako. Rudi baada ya siku 1, 3, 7 na 14. Utakachokuta kinafundisha: uzi umenyooka mpaka mlango wa shimo, na fimbo imeingia ndani kwa kichwa, imetafunwa upande mmoja kama muwa. Huyo ni kaa. Fuata kila uzi mpaka mwisho kabla ya kuandika. Uzi uliokatika bila alama ya meno andika "haijulikani", usiandike "imeliwa", la sivyo kaa watabebeshwa kazi ya mawimbi.

Sehemu ya pili ni miche iliyoshika. Weka viwanja vya mita 2 kwa 2, kumi au zaidi, vikiwa vimegawanyika kati ya upande wa bahari penye milana, katikati penye mikoko, na juu penye mikandaa na michu. Ndani ya kila kiwanja funga vibati kwenye miche ya rika moja tu. Kigezo rahisi ni mche wenye jozi ya kwanza ya majani na si zaidi. Ukichanganya na miche ya mwaka jana, jedwali lako litaonyesha uhai mkubwa kuliko ulivyo, kwa kuwa wale wa mwaka jana walishapita kipindi kibaya. Funga uzi ulegee, kwani shina litanenepa. Kwa kila mche pima umbali wake kutoka pembe mbili za kiwanja na uuchore kwenye ramani ya daftari. Kibati kikipotea, ramani ndiyo itakayokuambia kama mche bado upo.

Jumla ya miche isiwe chini ya 100. Sababu ni ya hesabu: ukianza na 30 na kufikia mwisho na sita, mche mmoja tu uliokanyagwa na mpita njia unabadilisha jibu lako kwa karibu asilimia 17.

Rudi kila miezi mitatu kwa mwaka mzima. Kwa kila uliokufa andika sababu: umeliwa, umeng'olewa na maji, umefukiwa na mchanga, umekauka, umekatwa. Usioonekana mara moja weka alama ya kuuliza. Usipoonekana mara ya pili, uhesabu umekufa tarehe ile ya kwanza.

Jedwali la uhai

Hizi ni namba za zoezi, kwa miche 200:

| Mwezi | Hai | Waliosalia kwa 1 | Waliokufa kabla ya kipimo kijacho | Kiwango cha vifo |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 200 | 1.00 | 110 | 0.55 |
| 3 | 90 | 0.45 | 30 | 0.33 |
| 6 | 60 | 0.30 | 12 | 0.20 |
| 9 | 48 | 0.24 | 6 | 0.13 |
| 12 | 42 | 0.21 | – | – |

Safu ya tatu ni idadi ya walio hai kugawa kwa 200. Safu ya mwisho ni waliokufa kugawa kwa walioanza kipindi hicho hicho, si kwa 200. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka: wanaona 110, 30, 12, 6, wanasema vifo vinapungua kwa sababu miche imebaki michache. Safu ya mwisho ndiyo inayojibu. Kwa walioanza kipindi, hatari ya kufa imeshuka kutoka 55 kwa 100 hadi 13 kwa 100.

Kwa mchoro, zidisha safu ya tatu kwa 1,000, kisha chukua logi: 3.00, 2.65, 2.48, 2.38, 2.32. Chora miezi kwa mlalo na logi kwa wima. Bila logi utapata mkunjo unaoporomoka hata pale ambapo hatari ya kufa ni ile ile kila mwezi, na hutaweza kutenganisha mikakati. Kwa logi, maumbo ni matatu, na yamekuwa yakitumika tangu Raymond Pearl alipoyaeleza mwaka 1928. La kwanza linakaa juu kisha linaporomoka uzeeni, kama binadamu katika nchi yenye huduma nzuri za afya. La pili ni mstari ulionyooka unaoshuka. Ndege wengi waliokwisha kukomaa wako hapo. La tatu linaanguka ghafla mwanzoni kisha linatulia, na ndilo la miche yetu, la pweza, la jongoo.

Sasa tumia jedwali. Vifo vikubwa vikiwa katika miezi mitatu ya kwanza na daftari likasema "umeng'olewa na maji" kwenye viwanja vya nje, kupanda miche zaidi pale pale ni kazi bure. Hamieni viwanja vya ndani. Daftari likisema "umeliwa", miche iliyokuzwa kwenye vifuko mpaka shina likakomaa ina nafasi nzuri kuliko fimbo mbichi. Na vifo vikianza upya mwezi wa tisa kwa neno "umekatwa", tatizo limetoka kwenye ikolojia, limeingia kwenye ulinzi.

Pweza mezani

Pweza wa mwambao huu anayevuliwa zaidi ni Octopus cyanea. Anaishi mwaka mmoja na kidogo. Jike hutaga mara moja, hujifungia pangoni na mayai yake, huacha kula, huyapepea na kuyasafisha mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Dume naye haishi sana baada ya kupandana. Watoto huelea na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, kwa hiyo mayai ya Kigombe si lazima yajaze mwamba wa Kigombe.

Kupima, chukueni pweza wasiopungua 30 kila bamvu kutoka mwamba ule ule. Wapimeni kabla hawajapigwa na kabla hawajakaa kwenye maji baridi, maana uzito hubadilika. Andikeni gramu, jinsia na hali ya kokwa, yaani kiungo cha uzazi.

Jinsia hujulikana kwa mkono wa tatu wa kulia. Weka pweza macho yakielekea mbali nawe, kichwa mbele, kisha hesabu mikono ya upande wa kulia kuanzia mbele. Kwa dume, mkono wa tatu una mfereji pembeni na ncha yake haina vikombe vya kunatia. Ni laini, umekwisha kama kijiko kidogo. Mkono uliokatika na kuota tena huwa mfupi na hudanganya, kwa hiyo tafuta mfereji, usitazame urefu. Ukitia shaka, pasua mfuko wa kichwa. Jike mchanga ana kokwa ndogo nyeupe iliyojificha nyuma. Jike aliyekomaa kokwa yake imejaa mfuko, rangi ya maziwa mazito, na ukiibonyeza vijiyai virefu kama punje ndogo za mchele hutengana.

Takwimu zilizochapishwa kutoka kusini magharibi mwa Madagaska zinaonyesha kwamba nusu ya majike hukomaa wakifika karibu kilo 2.2, na nusu ya madume karibu gramu 640. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza pweza chini ya gramu 500. Linganisha: jike wa gramu 600 ni halali sokoni na bado yuko mbali sana na kutaga. Kanuni ya uzito inazuia kukomba vitoto, haimlindi mama. Kinachomlinda mama ni kufunga mwamba.

Kufunga na kufungua

Pweza mdogo hukua kwa kasi kubwa; aliyefika kilo moja na nusu anaweza kukaribia kuongeza uzito wake mara mbili ndani ya mwezi mmoja hivi. Faida ya kufunga inatokana hasa na kukua huko, kwa hiyo miezi miwili hadi mitatu inatosha. Madagaska walianza kufunga miamba ya pweza mwaka 2004. Mkifunga miezi sita kwa matumaini ya kupata pweza wakubwa zaidi, wengi watakuwa wameshataga na kufia pangoni. Mayai mtakuwa mmeyapa bahari, kitoweo hakuna.

Chagueni mwamba mmoja, si yote. Wachokoaji, na wengi wao ni akina mama wanaotembea kwa miguu, wabaki na mahali pa kutafuta riziki siku hizo. Mipaka iwe ya kuonekana: kichwa cha mwamba, mlango wa maji, boya. "Mpaka pale palipo na maji ya buluu" utaleta ugomvi. Pimeni pweza 30 wa mwisho kabla ya kufunga, maana bila kipimo hicho hakuna atakayeamini kipimo cha kufungua. Na wanaosaini makubaliano ya kufunga wawe ni pamoja na wavuvi wa vijiji jirani na wazamiaji wenye miwani, kwani mwamba uliofungwa kwa waenda kwa miguu na kuachwa wazi kwa wazamiaji haujafungwa.

Siku ya kufungua ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi. Watu huja kutoka mbali, mwamba unakanyagwa, mawe yanapinduliwa na kuachwa juu chini, na kwa bamvu moja faida yote ya miezi mitatu inatoka. Bei nayo huanguka kwa sababu mzigo wote umefika kwa mnunuzi siku moja. Dawa yake: kubalianeni bei na wanunuzi wiki mbili kabla, barafu iwepo, fungueni upande mmoja wa mwamba kwanza, na muweke robo yake isiyofunguliwa kabisa. Wiki moja kabla pasueni pweza wachache kutoka mwamba wa jirani usiofungwa. Mkikuta majike wengi kokwa imejaa, sogezeni siku mbele. Pango lililozibwa kwa mawe kutoka ndani, na mikono haitoki hata ukichokoa taratibu, lina jike anayelalia mayai. Muacheni, nyama yake imeshakonda na hana bei.

Pale mayai yasipotosha

Kasa wa kijani hutaga mayai mia moja na zaidi kwa kiota, viota kadhaa kwa msimu, kisha hupumzika miaka miwili hadi minne. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Kasa huanza kuzaa akiwa na miaka kati ya 20 na 40. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa mahali pakubwa pa kasa kutagia kabla hakijapoteza miti yake na kuanza kufunikwa na maji yanapojaa, na viota vinavyotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili visizame.

Kuhamisha mayai ni kazi njema, lakini hesabu inaiwekea mpaka. Mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walitengeneza kielelezo cha hesabu cha kasa wa aina nyingine wa pwani ya kusini mashariki mwa Marekani. Waligundua kwamba hata kama kila yai lingesalia, idadi ingeendelea kushuka mradi kasa wakubwa na wale wanaokaribia kukomaa wanaendelea kufa nyavuni. Ndiyo maana yakawekwa matundu ya kutokea kasa kwenye nyavu za kuvulia kambamiti. Kamati inayolinda viota ufukweni huku jarife zikitegwa mbele ya ufukwe huo huo msimu wa kutaga inajaza pipa lililotoboka.

Urefu wa kizazi ndio unaoleta tofauti. Chukua viumbe wawili, kila mmoja akiacha mara mbili ya idadi yake kwa kizazi. Kasi ya ongezeko kwa mwaka ni takribani logi asilia ya 2, yaani 0.69, kugawa kwa urefu wa kizazi. Kizazi cha mwaka mmoja kinatoa 0.69. Kizazi cha miaka 30 kinatoa 0.023. Wote wanaongezeka mara mbili, ila mmoja kwa mwaka na mwingine kwa muda wa mtu kuzaliwa mpaka kuoa na kupata watoto.

Silikanti amezidi. Alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1938 Afrika Kusini, na wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye jarife za kina kirefu tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Huzaa watoto walio hai. Jike aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na 26 tumboni. Utafiti wa mwaka 2021 uliohesabu miduara ya magamba ulikadiria anafika miaka 100, anakomaa akiwa na miaka 55 hivi, na mimba inachukua karibu miaka mitano. Kwa samaki wa namna hii hakuna msimu wa kufunga unaosaidia, maana hakuna msimu. Kanuni ni moja: jarife isitegwe kwenye kina chake. Papa na taa wengi wako karibu naye kuliko wanavyofikiriwa sokoni, na ukipasua taa ukakuta mtoto mmoja au wawili, umeshapata jibu la swali la tatu la daftari.

Jongoo na chewa

Jongoo bahari humwaga mayai na mbegu za kiume majini, kila mmoja pale alipo. Mbegu hizo huzimuka ndani ya mita chache tu. Jongoo wakibaki mbali mbali, wote wako hai, wote wana mamilioni ya mayai, na hakuna mtoto. Warder Allee alilionyesha jambo hili la uchache unaoua uzazi tangu miaka ya 1930. Kupima, tandaza kamba ya mita 50, tembea ukihesabu mita moja kila upande. Hiyo ni mita za mraba 100. Rudia mara kumi, usiku kama unaweza, kwa sababu jongoo wa mchangani hujifukia mchana na utahesabu pungufu. Ukipata watatu kwa mistari yote kumi, una 30 kwa hekta. Lakini andika pia umbali kati ya jongoo na jongoo wa karibu yake, kwani wastani wa hekta unaweza kuficha kikundi kimoja kilichosongamana kinachozaa vizuri. Kikundi hicho ndicho cha kulinda kwanza, hata kama ni cha ukubwa wa ua wa nyumba.

Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Kanuni ya ukubwa wa chini peke yake huwaachia wavuvi madume wote. Wekeni ukubwa wa chini na wa juu pamoja, na mkijua mlango wa maji ambako chewa hukusanyika kutaga, fungeni mahali hapo siku hizo, bila kupatangaza redioni.